Mkono wa Kushoto wa Rubani

Mashati ya rubani Amuri yalishonwa na fundi Assumani, barazani kwake huko Mangobo, mtaa wa Kisangani, na mkono wa kushoto siku zote ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Mwanzoni ulizidi kwa upana wa kidole. Miaka ilivyokwenda ukawa vidole viwili, kisha vitatu. Assumani hakuuliza. Alikwisha kuwashonea wanasiasa, watu ambao matumbo yao huongezeka kati ya kupimwa na kuja kuchukua suti, na alijua kwamba mteja hapendi kuambiwa mwili wake unafanya nini. Alipima, akatia alama ya chaki, akakata.

Sababu ya mkono kurefuka ilijulikana na mtaa mzima. Ilikuwa ile saa.

Ilikuwa saa ya rubani, ya chuma, kubwa kama kisosi cha kahawa, na Amuri alipewa na mwalimu wake wa urubani, mzee mmoja Mbelgiji aliyestaafu akarudi kwao bila kupenda. Kando ya kioo palikuwa na pete yenye tarakimu ndogondogo. Ukiizungusha inakupa mafuta, mwendo na uzito. Kila asubuhi pale uwanja wa ndege wa Bangboka, Amuri aliizungusha mpaka kwenye uzito ulioandikwa na kampuni. Saa ilitulia kidogo, kama mtu anayesoma. Kisha pete ilijirudisha yenyewe mpaka kwenye uzito wa kweli wa ndege, na mkono wa Amuri ukashuka.

Alikwenda kumwambia Alfani, mkurugenzi wa kampuni.

“Patron, hii saa inakataa.”

“Nunua ingine,” Alfani alijibu.

Alfani mwenyewe alikuwa nayo hiyo ingine. Ilikuwa ya dhahabu, ya kampuni moja ya Uswisi ambayo jina lake alilitamka kwa pua, na aliipenda historia ya saa za marubani kama watu wanavyopenda historia ya ukoo wao, yaani kwa kuruka sehemu fulani. Mgeni akikaa tu ofisini, hata kama amekuja kuulizia sanduku lililopotea, alisimuliwa. Kwamba zamani rubani alining'iniza saa ya mfukoni mbele ya macho yake na mikono haikutosha. Kwamba baadaye walizifunga mkononi, juu ya koti, kwa mkanda mrefu wa ngozi, maana ndege haikuwa na dirisha na kule juu kuna baridi. Kile kidude cha kujazia kikafanywa kikubwa kama kitunguu ili vidole vyenye glavu vikishike. Tarakimu zikapakwa dawa ya kung'aa gizani. Ikaja pete ya hesabu. Ukaja mshale wa ziada, wa kusoma saa ya nchi unakokwenda. Halafu zikaja kompyuta, na marubani hawakuhitaji tena saa.

“Na hapo, papa,” Alfani alisema akivuta mkono wa shati juu, “ndipo bei ilipanda.”

Zikatiwa dhahabu, zikafungwa kwa ngozi ya mamba, zikahamia kwa watu wasioruka. Yake ilikuwa na pete ya hesabu pia, ila imegandishwa. Haizunguki.

“Iko ya urembo,” alieleza.

Inafaa kusema jinsi watu wa Kisangani wanavyosafirisha vitu, kwa kuwa mgeni anaweza asielewe. Mzigo ni kile kinachopita juu ya mizani. Kinachopita mkononi, kutoka kwa mtu anayekujua, si mzigo. Ni salamu. Hakuna anayeweza kumwona rubani wa ndege ya Bumba, mji wa chini ya mto, akipita bila kukumbuka kwamba ana shangazi Bumba, na kwamba shangazi huyo hajala mbinzo, viwavi wa kukausha wa huku, tangu mvua ya mwaka jana. Basi Amuri alipokuwa akitembea kutoka langoni hadi kwenye ndege, alipewa salamu. Kuku wawili. Kichwa cha cherehani. Godoro, lililokunjwa vizuri. “Ni kacolis kadogo tu, tonton,” watu walimwambia, na kweli kila kifurushi kilikuwa kadogo. Juu ya salamu hizo Alfani aliweka mchele wake, na bati, na juu ya bati aliweka watu ambao hawakupata viti.

Amuri alipokea vya wote, isipokuwa vya mke wake. Nasra alikuwa na dada Bumba, mkubwa wake, na kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtumia hata kitambaa cha kichwa. Mtaa ulicheka jambo hilo. Kaka wa mpishi anakula, mke wa mpishi ananusa.

“Ya Georgette ulibeba, kuku mbili, na bilikuwa bizima,” Nasra alimwambia. Georgette alikuwa karani wa kampuni, mwenye dirisha la tiketi pale Bangboka. “Ya miye samaki tu, inashinda ndege?”

“Bale bengine siwezi kubakatalia,” Amuri alisema. “Weye ni mutu moja tu naweza kukatalia. Niachie huyo moja.”

Asubuhi moja, Amuri alipokuwa akioga, Nasra alifunga samaki wa moshi katika majani ya mangongo, akawasukuma chini kabisa ya mfuko wa mume wake, chini ya msala wa kuswalia. Walikuwa samaki wazuri, kama kilo nne. Alimpa kahawa, akamwambia aende na Mungu, akajisikia mwepesi siku hiyo kama mtu aliyeshinda mchezo.

Siku hiyohiyo ndege ya Amuri ilianguka mtoni karibu na Yanonge. Jua lilikuwa linawaka. Kampuni ilitangaza kwamba walikuwamo abiria tisa. Wavuvi wa Yanonge walileta maiti kumi na saba. Alfani aliwaambia waandishi wa habari kwamba mto ule siku zote una watu wake.

Jioni redio ilisoma tangazo la kampuni: kosa la rubani. Nasra alilisikia akiwa ameshaketi chini, kwenye mkeka, amefunikwa nguo na wanawake wa mtaa. Amuri alizikwa siku iliyofuata, akiwa na mkono wake mrefu, na waliomwosha walimkunjia taratibu ili sanda itoshe. Nasra akaingia eda. Mjane wa Kiislamu hatoki nyumbani mpaka eda iishe, na kwa hiyo yote yaliyofuata aliletewa na wageni, pamoja na sukari.

Aliletewa habari kwamba wavuvi walipata saa katika wavu. Hawakuwa na shangazi Bumba, hawakuwa wametuma kitu, na mikononi mwao saa ilikuwa nyepesi, basi waliichukua kwa mtumbwi mpaka mjini wakaiacha ofisini kwa kampuni. Alfani aliigeuza, akaikagua kwa furaha, akasema hii ndiyo mama ya zote, hazitengenezwi tena. Akavua ile ya dhahabu, akavaa hii ya chuma.

Mkono wake ulianguka juu ya meza, na meza ikavunjika. Mkono uliendelea mpaka sakafuni na kupasua saruji. Georgette aliinua kwanza kikombe cha chai, kisha akapiga magoti kumfungulia bosi wake mkanda.

“Patron, iko na mchele yako mule ndani,” alisema.

“Najua,” Alfani alisema. “Na bati.” Baada ya muda akaongeza, akiwa bado amelala ubavu, “Na watu. Kuna mmoja anapiga teke. Iko mutoto.”

Georgette naye alijaribu, kwa kuwa ilikuwa mkononi mwake tayari. Alisikia uzito wa kuku wawili, na kwamba mmoja alikuwa wa mayai. Akawaambia wengine. Mji ukaja. Walipanga mstari kutoka mlango wa ofisi mpaka kituo cha toleka, pale wenye baiskeli wanapongojea abiria, na kila mmoja alivaa saa akasikia chake, chake tu: kichwa cha cherehani, godoro, dumu la mafuta ya mawese. Mama mmoja wa soko kuu alishushwa bega na kilo nyingi za mbinzo, akakubali kwamba ndizo zile, na hata zilikuwa zimekauka vizuri. Hakuna aliyeshangaa saa. Walichoshangaa ni mstari, kwa sababu ulikwenda kwa utaratibu. Na wakitoka, kila mmoja alipita dirishani kwa Georgette kumuuliza, kwa sauti ya chini, ndege ya pili inaruka lini.

Maana kampuni ilikuwa na ndege ya pili, ndugu wa ile iliyoanguka, na aliyepangiwa kuirusha alikuwa Nyota, binti ya Amuri na Nasra. Alikuwa amesomea urubani, akarudi, akakaa miaka miwili kiti cha kulia, cha msaidizi, akingojea cha kushoto, cha nahodha. Siku ya ajali haikuwa zamu yake, na sasa cha kushoto kilikuwa wazi.

“Usipande,” Nasra alimwambia, kule ndani, chini ya kanga nyeupe.

“Mama, nisipopanda, watatafuta mwingine, na huyo hatajua hata kuomba bascule ya kupimia mizigo.”

“Weye ukiomba, watapima?”

Nyota aliendelea kuondoa mawe katika mchele wa wageni.

“Commission ya Kinshasa ikisema ilikuwa uzito, watapima kila kitu, mpaka kuku,” alisema mwishoni. “Ikisema ni kosa la papa, donc, hakuna kitu imebadilika. Nitapanda vilevile.”

Nasra aliyashika maneno hayo. Usiku na mchana wa eda yake alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mgeni yeyote, hata Nyota: wale samaki. Aliwafikiria walivyokuwa chini ya msala. Alijua kwamba akiivaa saa ile itamshusha mkono, kilo nne, mbele ya watu. Mwanzoni aliogopa. Kisha akaanza kungojea.

Tume ya kuchunguza ajali ilifika kutoka Kinshasa wiki eda ilipomalizika. Mkuu wake alikuwa Madame Simone, mwanamke mrefu mwenye kalamu mbili, na hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza habari ya saa akiandika, akauliza kama inahitaji betri. Kisha akasema jambo lililo wazi, na wote waliokuwa Bangboka siku ile walilisikia. Saa ya namna hii inajulikana uzito wake. Tutamweka mtu mmoja juu ya mizani ya mizigo bila saa, halafu na saa. Ikizidi hata kilo moja, nitaandika kwamba ndege iliruka na uzito ambao haukuandikwa, na ndege iliyobaki haitaruka mpaka ipimwe pamoja na watu na vifurushi, kila safari. Isipozidi, ni kosa la rubani, na ninafunga.

“Nani atavaa?” aliuliza.

Watu wote walimtazama Alfani. Alfani alisema daktari amemkataza kuvaa saa mbili.

“Vua hiyo moja,” sauti ilisema kutoka nyuma.

“Hii imekaza,” alisema Alfani.

Georgette hakufaa, kwa kuwa alikula mshahara wa kampuni. Wale wa mstari hawakufaa, kwa kuwa walikuwa wengi na Madame Simone aliwaita umati. Ndipo Alfani akasema kwa upole kabisa kwamba kuna mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku kupendelea kampuni. Mjane. Alisema hivyo akitabasamu kidogo, kwa sababu mtaa mzima ulijua, na yeye alijua, kwamba Amuri hakuwahi kubeba kitu cha mke wake. Watu walianza kunong'ona. Nyota alimshika mama yake kiwiko.

“Mama, kataa. Weye hukutuma kitu.”

“Nitavaa,” Nasra alisema.

Alimwambia Nyota sikioni habari ya samaki. Nyota alimtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na akamwachia kiwiko.

Nasra alipanda mizani, ile sahani kubwa ya chuma ya kupimia magunia. Madame Simone akasoma. Kisha Georgette akamfunga saa mkononi, tundu la mwisho kabisa la mkanda, kwa kuwa mkono wa Nasra ulikuwa mwembamba. Nasra alikaza bega, akakanyaga vizuri, kama mtu anayepokea ndoo kichwani.

Saa ilikuwa nyepesi. Ilikaa juu ya mfupa wa mkono wake kama bangili. Mshale wa mizani haukusogea.

“Ngojeni,” Nasra alisema.

Walingoja. Madame Simone aliinama, akagonga kioo cha mizani kwa kalamu ya pili. Mshale ulitikisika, ukarudi palepale.

“Kulikuwa na samaki,” Nasra alisema. “Nilimuwekea. Katika mfuko. Kilo ine, za moshi.”

“Samaki ya mangongo?” Georgette aliuliza. Alikuwa bado ameshika ncha ya mkanda. “Lakini mama Nyota, aliniachia miye. Alifika kwa dirisha, akafungua mfuko kutoa msala, akaikuta. Alicheka sana. Akasema, Georgette, kula, hii ni ya bibi yangu Nasra, hii haipandi.” Akatazama chini. “Tulikula. Ilikuwa tamu.”

Mdomo wa Nasra ulibaki wazi kidogo, kama wa mtu aliyeitwa jina katikati ya usingizi. Katika mji ule, kati ya watu wote waliokuwa na ndugu Bumba, mume wake alikuwa amemsafisha mmoja, na ndiye aliyekuwa amesimama juu ya mizani.

Kisha akanyoosha mkono wenye saa. “Vaa weye, patron,” alimwambia Alfani. “Weye vaa.”

“Mama,” Madame Simone alisema, na hakusema kwa ukali, “tulikubaliana mbele ya wote.” Akaandika. Aliandika kwamba saa imevaliwa na mjane wa marehemu mwenyewe, kwa hiari yake, na haikuonyesha uzito wowote. Akafunika kalamu ya kwanza, kisha ya pili.

Nasra alibaki juu ya mizani. Ilibidi Nyota amshike mkono na kumshusha, kwa kuwa mizigo ilikuwa inangojea.

Alfani alimpa Nyota ile saa siku ya kumkabidhi ndege. Alisema ofisi haiwezi kuitunza, maana kila anayeigusa anavunja kitu. Alitoa hotuba. Alianza na saa ya mfukoni, akapita kwenye mkanda mrefu juu ya koti, kitunguu, dawa ya kung'aa, pete, mshale wa ziada, akafika kwenye dhahabu na kurudi tena kwenye chuma, na akamaliza kwa kusema kwamba historia inaendelea. Watu walipiga makofi. Nyota aliivaa. Mkono wa kushoto haukushuka, kwa kuwa ndege ilikuwa bado tupu.

Alasiri hiyo alikwenda Mangobo na mama yake kushonewa shati la unahodha. Fundi Assumani aliwaletea viti, akamsimamisha Nyota katikati ya baraza, akampima mabega, kifua, mkono wa kulia. Alipofika kwa wa kushoto alitazama saa, akatoa sindano mdomoni.

“Mama Nyota,” alisema, “huu wa kushoto nitaukata sawa na wa kulia. Lakini ndani naacha kitambaa, nakikunja. Tutakuwa tunafungua kidogokidogo.”

“Unaacha kiasi gani?” Nasra aliuliza.

“Papa yake alifika vidole tatu.” Alifikiri. “Lakini yeye ni kijana. Naacha ine.”

Nasra alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekaa na mikono mitupu mapajani. Hakuleta kitu cha kwenda Bumba. Dada yake alikuwa amepiga simu kusema pole, na katikati ya pole aliuliza kama samaki wa Kisangani bado wapo, na Nasra alisema hakuna.

Assumani alirefusha kipimo kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, akatia alama ya chaki kwenye kitambaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa karibu na sikio la Nyota, akashusha sauti.

“Binti yangu, kesho ni Bumba, si ndiyo? Kuna boubou, kanzu ya kaka yangu mukubwa. Anaoza mutoto wake Ijumaa. Ni kacolis kadogo tu, tazama.” Akalichomoa chini ya cherehani. Lilikuwa limefungwa katika gazeti, dogo kweli.

“Kataa,” Nasra alisema.

Nyota aligeuka. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa ule wa Amuri akitoka kuoga asubuhi ile ya samaki.

“Ni tonton Assumani, mama. Ananishonea tangu nikiwa mutoto. Nitamukatalia namna gani?”

Alinyoosha mkono wa kulia, akapokea, akashukuru. Pete ya saa ilizunguka kidogo yenyewe, ikatulia. Mkono wa kushoto ulishuka kwa upana wa uzi.

Assumani aliona. Alifuta alama yake kwa kidole gumba, akatia nyingine chini yake.